Kisogo na Meza ya Vioo Vitatu

Pale mnadani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kisogo, kwa sababu hicho ndicho walichokijua. Kila Jumamosi alikaa kiti cha mbele kabisa, akatazama mbele, na tangu mnada unaanza mpaka unakwisha hakugeuza shingo. Kuna watu waliokuwa wakinunua naye miaka nenda miaka rudi ambao wangepishana naye sokoni wasimtambue, mpaka awapite, wamwone kwa nyuma, ndipo waseme, "Ala! Si yule Kisogo?"

Hakuwa na kiburi, ingawa wapo waliosema anacho cha kuuza. Ilikuwa kanuni ya kazi. Mtu akigeuka kumtazama anayeshindana naye, alisema, ameshaonyesha kwamba roho inamuuma, na ukishaonyesha roho inakuuma umekwisha. Mwenzako atapandisha bei kwa kukukomoa tu. Kanuni ya pili ilikuwa dada wa hiyo ya kwanza. Asubuhi, saa ya kutazama vitu kabla mnada haujaanza, usisimame kamwe mbele ya kile unachokitaka. Simama mbele ya usichokitaka, kigeuze, kigonge, kikunie kichwa. Unachokitaka kipite kama hamjuani.

Kazi yenyewe aliianza kwa bahati. Alinunua koti mnadani siku ya mvua ili apate cha kujifunika, na kabla hajafika barabarani mwanamke mmoja akamsimamisha akalinunua mwilini mwake. Alirudi nyumbani ameloa na anacheka. Tangu siku hiyo hakuacha. Alinunua birika za shaba, vikombe vitatu vilivyobaki katika seti ya sita, picha za kuchora ambazo wachoraji wake wamesahaulika, magauni ya mitindo iliyokufa ikafufuka. Alivisafisha, akavitia kiraka hapa na gundi pale, akawauzia watu wenye nyumba mpya wanaotaka zionekane kama zimeishi.

Duka lake lilikuwa sebule yake. Baadaye likawa na chumba cha pili, kisha ukumbi, na mwisho ukitaka kufika jikoni ulipita ubavu ubavu baina ya makabati. Alikula kwenye sahani za watu, akajitazama kwenye vioo vya watu, akalala kwenye kitanda ambacho mtu fulani alikifia. Mama yake alikuja kumtembelea wakati mmoja, akatafuta pa kukaa, akakosa.

"Mwanangu," akasema, "nyumba hii imejaa mama za watu."

Kisogo alicheka. Alidhani ni mzaha.

Sasa huyo mama naye alikuwa na kitu kimoja cha zamani, nacho ni meza ya kujipambia yenye vioo vitatu, kikubwa katikati na vidogo viwili vya kukunja pembeni. Aliitengeneza mumewe, baba yake Kisogo, ambaye alikuwa seremala wa milango na katika maisha yake alitengeneza milango tu, pamoja na meza hiyo. Kisogo alizaliwa akaikuta. Lakini kitu ulichokizoea hukioni. Siku zote meza ile ilifunikwa kitambaa cha plastiki chenye maua, na juu yake palijaa chupa za dawa, mafuta ya kupaka, kalenda za miaka iliyopita, na nguo zinazosubiri kushonwa vifungo. Vioo vya pembeni vilikunjwa visipate vumbi. Ukimwuliza Kisogo meza ya mama yake ikoje, angekuambia ina kitambaa cha maua.

Mama alimpa meza hiyo mara tatu. Mara ya kwanza, baba alipofariki, Kisogo akasema, "Mama, siwezi kuiuza hiyo. Watu hawataki vitu vya namna hiyo." Mama akasema hakumwambia aiuze. Mara ya pili Kisogo akasema hana nafasi, na kweli hakuwa nayo. Mara ya tatu ilikuwa kwa simu. Mama alikuwa anahamia na kaka yake Kisogo kwenye nyumba mpya, kule mtaa mpya nje ya mji, na chumba alichopewa kilikuwa kidogo. "Mpe mtu yeyote atakayeitaka, mama," akasema Kisogo, huku bega limeshikilia simu na mikono inasugua birika. Aliahidi pia atakwenda kuiona hiyo nyumba mpya. Lakini Jumamosi ni mnada, Jumapili ni kusafisha alivyonunua, na siku zilizobaki ni za duka, basi wakawa wanazungumza kwa simu.

Waliotangulia walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kisogo aliijua methali hiyo, tena alipenda kuwaambia wateja wake.

Jumamosi ninayoisimulia aliingia kwenye jengo la mnada mapema. Ni ghala la zamani lenye madirisha ya juu, na mwanga wa asubuhi huangukia upande mmoja tu. Hapo kwenye mwanga paliwekwa meza. Ilikuwa imepakwa mafuta ya mbao mpaka inang'aa, vioo vyake vitatu vimefunguliwa vimefutwa, na kila kimoja kilishika kipande chake cha dirisha. Kisogo akasimama. Alisimama pale pale, mbele ya kitu anachokitaka, mchana kweupe, mbele ya watu.

"We, unaumwa?" akauliza Mama Makoti. Huyu alikuwa rafiki yake na mshindani wake, mfanyabiashara wa makoti na kofia za zamani, mwanamke mnene wa sauti ndogo. "Umesimama."

"Hebu tazama miguu hii," Kisogo akanong'ona. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msikitini au kanisani. "Ya mbele ina nakshi, ya nyuma mitupu. Unajua maana yake?"

"Fundi alichoka?"

"Achoke nini! Hii ni kazi ya ng'ambo, shoga yangu. Ya zamani, haipungui miaka mia. Mafundi wa huko hawakumwaga jasho kwenye kisichoonekana. Angekuwa wa kwetu angechonga yote minne ili majirani wasimseme."

"Na hili doa jeusi hapa juu?"

"Doa! Huo ni umri. Umri hauigizwi."

Nyuma yao dalali, yaani yule mwenye nyundo na maneno, alikuwa amesimama na kikombe cha chai akitazama dari. Dalali huyu alikuwa na tabia moja. Mwenyewe hakujua lolote kuhusu vitu vya zamani, basi asubuhi alizungukazunguka karibu na wanaojua, akiokota maneno yao, ili baadaye ayapige kwa sauti kubwa kana kwamba kayasomea.

Mama Makoti alishika droo akavuta. Haikutoka. Akavuta tena. "Imekwama," akasema.

Kisogo akapeleka mkono. Akainua droo kidogo kwa kidole gumba, akaisukuma kushoto, ndipo akavuta. Ikatoka laini.

"Umejuaje?"

"Sijui," akasema Kisogo, na alisema kweli. Mkono wake ulijua, yeye hakujua. Alibaki ameshika droo. Ikamjia harufu ya poda na sabuni ya kipande.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kisogo akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza. Kule chini, kwenye ubao wa uvungu, palikuwa na tundu la kitasa lililozibwa kwa kipande cha mti. Sasa nani atie kitasa chini ya meza ya kujipambia? Mtu anayetengeneza milango, ambaye ubao umembakia.

Alitoka mvunguni polepole akalitazama lile doa. Halikuwa umri. Lilikuwa na ncha upande mmoja na upana upande wa pili, na ungeweka juu yake pasi ya mkaa ingelala humo bila kuzidi. Akajikumbuka yeye mwenyewe, msichana wa shule, anapiga pasi sare yake juu ya meza ya mama kwa sababu mkeka ulikuwa umeloa. Akakumbuka moshi. Akakumbuka baba yake anasugua kwa msasa jioni nzima, kisha anatupa msasa chini na kusema, "Basi, iacheni. Siku ikipotea tutaijua."

"Shoga, umebadilika rangi," akasema Mama Makoti.

Hapo ndipo kichwa chake kilipovurugika. Kwanza alijaribu kutoamini. Labda baba alitengeneza meza mbili. Lakini pasi ile ile iliunguza meza mbili? Labda mama amefariki na hawajamwambia. Lakini alizungumza naye juzi juzi, wakabishana kuhusu dawa ya kikohozi. Labda kaka yake ameiba. Kaka yake, ambaye akiokota kitufe huuliza mtaa mzima ni cha nani? Kila wazo lililokuja lilisukumwa na jingine, na hakuna hata moja lililokaa kwenye kiti.

Akatoka nje akampigia kaka yake. Hakupokea. Akampigia mke wa kaka yake.

"Wifi, mama yupo?"

"Ametoka tangu asubuhi. Kavaa na viatu vyake vya shughuli. Si anakuja kwako?"

"Kwangu? Kufanya nini?"

"Sasa wifi, mimi ndiye wa kujua? Nilimwuliza unakwenda wapi, akasema anakwenda kuona. Nikajua ni kwako. Atakwenda kuona nani mwingine?"

"Na meza yake iko wapi? Ile ya vioo."

"Kwani hujaipata? Ilikuja gari ikaichukua. Mama alisema inakwenda mnadani, mimi nikafurahi kwamba hatimaye umekubali. Hata baraza letu limepata nafasi."

"Wifi, niambie ukweli. Mna shida? Mnahitaji pesa?"

"Shida gani tena? Nani kakuambia tuna shida?" Sauti ya wifi ikapanda, na Kisogo akajua ameharibu. Akaomba radhi, akakata simu, akabaki ameitazama mkononi kana kwamba itamweleza.

Alirudi ndani akamwendea karani, mwanamume mpole mwenye miwani aliyekaa kwenye meza ya mlangoni. "Ile meza ya vioo imeletwa na nani?"

"Aa, Kisogo. Mwenye mali hatajwi. Si wewe mwenyewe uliyepigania kanuni hiyo?"

Ni kweli aliipigania, kwa maneno makali, wakati alipokuwa akiuza vitu asivyotaka watu wajue vimetoka kwake. Angesema nini? Kwamba ni ya mama yake? Wangemwuliza kwa nini basi hajui imefikaje hapa. Na kama mama mwenyewe ndiye aliyeileta, yeye ni nani wa kumzuia, aliyekataa mara tatu? Kisha akazitazama nyuso za wanunuzi wenzake. Wakijua tu kwamba anaitaka, watamkamua.

Akaenda akakaa kiti chake cha mbele. Kati ya yote aliyokuwa hayaelewi, jambo moja alikuwa na hakika nalo. Meza ile isitoke mlango ule na mtu mwingine.

Mnada ukaanza. Likapita fungu la vikombe, hakugusa sikio. Hiyo ndiyo ilikuwa ishara yake, kugusa hereni ya kushoto; wazoefu wote walikuwa na ishara zao, mmoja alikohoa, mwingine alivua miwani, Mama Makoti alijikuna shavu, na dalali alizijua zote. Ikapita picha ya mwanamke anayechana nywele, nzuri kweli, ya rangi za mafuta. Likapita gauni la hariri la kiuno chembamba ambalo ndilo hasa lililomleta siku hiyo, na likaenda kwa bei ya kutupa. Watu walianza kunong'onezana. Yeye alikuwa anahesabu madirisha.

Kisha meza ikasogezwa mbele.

"Mabibi na mabwana!" Dalali akapandisha suruali. "Hii si meza ya kawaida. Hii ni kazi ya ng'ambo!"

Kisogo akafumba macho. Maneno yake mwenyewe yalikuwa yanamrudia yamevaa suti. Akagusa sikio.

"Asante, Kisogo. Na nyuma pale, asante mama, nimekuona. Miguu ya mbele ina nakshi, ya nyuma mitupu, ndivyo walivyofanya mafundi wa huko, miaka mia iliyopita!"

Kisogo akagusa sikio. "Nyuma tena, asante mama!"

Alikuwa nani huyo? Kisogo alijua sauti za wanunuzi wote, na huyu hakusema neno. Alijua vikohozi, alijua viatu. Shingo ilimwasha. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote hiyo alitamani kugeuka, ageuke tu aone ni nani anayeitaka meza ya baba yake kiasi hicho. Lakini kanuni ni kanuni, na hasa siku ambayo roho inakuuma kweli. Akaganda.

"Na tazameni doa hili! Hili ni umri, mabwana, na umri hauigizwi! Nyuma, asante mama."

Sikio. Nyuma. Sikio. Nyuma. Wengine wote walishanyamaza. Kisogo alipita dau alilojiwekea moyoni asubuhi. Akapita pesa za gauni, akapita pesa za wiki ijayo. Mama Makoti alimfinya paja. "Umerogwa? Acha!" Alifika mahali ambapo hakubakiwa na kitu, na kama angegusa sikio tena angekuwa mwongo. Mkono wake ulikaa mapajani. Alitaka kulia, kilio cha kitoto kabisa, na hakujua anamlilia nani, baba aliyekufa, mama asiyejulikana aliko, au yeye mwenyewe.

"Mara ya kwanza… mara ya pili…" Nyundo ikaanguka. "Imekwenda kwa mama pale nyuma, mwenye koti la kijani! Mama, jina lako tafadhali."

"Mimi sijanunua kitu," ikasema sauti. "Nimenyoosha mkono muda wote huu nataka kusema, na wewe kila nikinyoosha unaniambia asante."

Kisogo akageuka.

Watu wa mnada ule mpaka leo wanaisimulia. Wapo waliosahau kabisa habari ya meza, lakini wanakumbuka kwamba siku hiyo Kisogo aligeuka. Mstari wa mwisho, karibu na mlango, mama yake alikuwa amesimama, mkoba kwapani, viatu vya shughuli miguuni, mkono mmoja bado uko juu.

"Haya, mama, sema," akasema dalali, aliyekuwa ameanza kutoka jasho. "Meza ni yako."

"Najua ni yangu. Ndiyo ninayotaka kukwambia." Ghala zima likaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. "Uliposema imetoka ng'ambo nikanyoosha. Haikutoka ng'ambo, ameitengeneza mume wangu. Uliposema miaka mia nikanyoosha, kwa sababu sisi hatukuoana miaka mia iliyopita. Miguu ya nyuma haina nakshi kwa sababu mtoto wa kwanza alizaliwa, akaenda kumshika, hakurudi kuichonga. Na hilo doa ni la binti yangu, na pasi."

Kisogo alikuwa ameshafika kwake. Hakukumbuka alivyopita kati ya viti. Mama akamkodolea macho, maana haoni vizuri kwa mbali na hakuwa amemtambua mpaka hapo.

"We! Unafanya nini hapa?"

"Mama, leo Jumamosi. Niko kazini. Wewe ndiye nikuulize."

"Mimi nimekuja kumwona atakayeichukua. Uliniambia nimpe mtu yeyote atakayeitaka. Nikaona sawa, lakini nimjue uso." Akaangaza kule mbele. "Kulikuwa na mtu pale kiti cha mbele. Sikumwona uso, mgongo tu. Kila akigusa sikio bei inapanda. Nikasema moyoni, maskini, huyu anaitaka kwelikweli, na anadanganywa. Nikaona lazima ajue ni kitu gani anachochukua. Asije akafika nacho nyumbani, siku moja akaambiwa si cha ng'ambo, akakitupa. Amekwenda wapi?"

Mama Makoti, aliyekuwa amemfuata, ndiye aliyesema, "Ni huyu, mama."

Mama alimtazama bintiye, akamgeuza bega kidogo kwa mkono, akamwangalia kwa nyuma, kisha akamrudisha.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Hukunijua?"

"Ningekujuaje? Hukugeuka hata mara moja."

"Kwa nini hukuniambia unaileta huku?"

"Nikuambie nini? Nikupe mara ya nne?"

Hapo Kisogo alilia, tena bila kanuni yoyote, mbele ya wanunuzi wote, na Mama Makoti akampa mkono wa koti ajifutie, koti lenyewe bado halijalipiwa. Dalali akagonga nyundo kutafuta utulivu. Akatangaza kwamba mwenye mali hanunui mali yake mwenyewe, hiyo ni sheria ya mnada popote, na kwa hiyo meza inarudi kwa aliyetangulia, yaani Kisogo, kwa dau lake la mwisho. Watu wakapiga makofi. Kisogo akalipa mpaka pochi ikabaki ngozi tupu.

"Na ulikuwa unaipata bure," akasema mama.

Wapagazi wakaibeba meza mpaka kwenye pikapu iliyokodiwa nje, wakaifunga kamba, vioo vimekunjwa kwa ndani. Mama alisimama kando akiwaelekeza pa kushika. Kisogo alisimama karibu naye, hajui aweke wapi mikono yake. Alitaka kusema neno kubwa, lakini kila alilolishika lilikuwa dogo.

"Utaiweka wapi?" mama akauliza. "Si ulisema huna nafasi?"

"Sijui, mama. Nitatoa vitu."

"Vya nani?"

"Vya watu."

Mama akaitikia kwa kichwa, akapanda mbele. Kisogo akabanana naye, mlango ukafungwa kwa shida. Dereva, kijana mwenye haraka zake, akatia ufunguo.

"Tunaelekea wapi, dada?"

"Tumfikishe mama nyumbani kwanza. Meza baadaye."

"Sawa. Nyumbani wapi?"

Kisogo akafungua mdomo. Alijua njia za maghala yote ya mnada, alijua vichochoro vya mafundi gundi na wauza vioo, alijua nyumba ambazo wenyewe wamekufa wiki hii na vyombo vyao vitauzwa wiki ijayo. Akatazama barabara, upande huu na upande ule. Akamgeukia mama yake.

Mama alikuwa anatazama mbele, mkoba mapajani, uso hauna hasira.

"Washa gari, mwanangu," akamwambia dereva. "Nitawaelekeza nyote wawili."